Ndege Moja, Wenyewe Kumi na Sita

Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio nchini Marekani, haina sifa ya kuwa mji wa mabilionea. Lakini ni huko, mwaka 1964, ambako maofisa wa zamani wa Jeshi la Anga walifungua kampuni ya kukodisha jeti ndogo na kuiita Executive Jet Aviation. Kiongozi wao alikuwa Brigedia Jenerali mstaafu O. F. Lassiter. Kwenye bodi walikaa Jenerali Curtis LeMay, mwigizaji James Stewart, mtangazaji Arthur Godfrey, na Paul Tibbets, yule rubani aliyeirusha ndege iliyoangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Walianza na ndege kumi aina ya Learjet 23, mashine iliyokuwa mpya kabisa sokoni, na wakatafuta marubani waliozoea nidhamu ya jeshi.

Fedha zilitoka relini. Kampuni ya Pennsylvania Railroad iliwekeza mamilioni ya dola, ingawa sheria ya Marekani haikuruhusu kampuni ya reli kuitawala kampuni ya ndege bila kibali cha serikali. Kibali hakikupatikana. Lassiter naye alikuwa na ndoto pana kuliko mfuko wake, na alikuwa ameshaanza kutazama ndege kubwa za abiria. Juni 1970 Penn Central, kampuni iliyotokana na kuunganishwa kwa Pennsylvania Railroad na mshindani wake, ilifilisika, na ukawa mmoja wa mianguko mikubwa kabisa ya biashara ambayo nchi hiyo ilikuwa imewahi kuiona. Mwaka huohuo Lassiter akaondolewa. Usukani ukashikwa na Bruce Sundlun, mwanasheria aliyekuwa amerusha ndege za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia na ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Rhode Island. Tibbets alimrithi mwaka 1976.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba angani hapakuharibika kitu. Learjet ziliruka, wateja walifika walikokwenda, marubani walifanya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Kilichoporomoka ni hesabu za chini, tena hesabu za watu ambao marubani hawakuwahi kukaa nao meza moja. Miaka sitini ya biashara hii imejaa matukio ya namna hiyo, na anayetaka kujua kwa nini rubani wa jeti za hisa, yaani jeti zinazomilikiwa kwa mafungu, anashikilia mkataba wake kwa mikono miwili anapaswa kuanzia hapo.

Mwaka 1984 kampuni iliuzwa kwa Richard Santulli, mtoto wa Brooklyn aliyesomea hisabati na kuwahi kufanya kazi benki ya Goldman Sachs, upande wa ukodishaji wa mitambo mikubwa. Santulli alitaka ndege yake mwenyewe, akapiga hesabu, akaona haimlipi. Ndege ya mtu mmoja hukaa bandani siku nyingi kuliko inavyoruka, huku bima, matengenezo, banda na mishahara ya marubani vikiendelea kudai kila mwezi. Alipofikiria kuichangia na rafiki zake, likazuka swali gumu zaidi: wote wakiihitaji Ijumaa moja jioni, nani ataondoka nayo?

Jibu alilitafuta kwenye makabrasha. Kampuni aliyoinunua ilikuwa imehifadhi kumbukumbu za safari za wateja wake kwa miaka mingi: nani aliondoka wapi, saa ngapi, akaenda wapi, akarudi lini. Santulli alizichambua kama mwanahisabati anavyochambua bahati nasibu. Akagundua kwamba mahitaji ya mtu mmoja hayatabiriki, lakini mahitaji ya mamia ya watu kwa pamoja yana mpangilio. Ukijua idadi ya wateja, unaweza kukadiria ni ndege ngapi zitahitajika siku fulani, na ni ngapi za akiba uziweke ili asikose mtu. Mwaka 1986 alizindua mpango wa NetJets akiwa na ndege nane aina ya Cessna Citation S/II.

Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Mteja hununua fungu la ndege halisi, yenye namba yake ya usajili. Fungu dogo kabisa likaja kuwa moja ya kumi na sita, na linampa saa 50 za kuruka kwa mwaka. Mwenye robo ana saa 200. Ndege nzima ikiuzwa ikaisha, inadaiwa saa 800 kila mwaka. Juu ya bei ya ununuzi mteja hulipa ada ya kila mwezi na gharama ya kila saa anayokuwa angani. Hahitaji kupanda ileile aliyoinunua. Akipiga simu saa chache kabla ya safari, kampuni inamletea yoyote ya aina hiyo au iliyo bora zaidi, na siku zenye msongamano kampuni hutumia ndege zake yenyewe za akiba kuziba pengo. Mkataba ukiisha, kwa kawaida baada ya miaka mitano, mteja ana haki ya kuirudishia kampuni fungu lake kwa bei ya soko.

Kifungu hicho cha mwisho kilionekana kidogo siku ya kusaini.

Mwanzoni biashara ilikwenda polepole. Mdororo wa uchumi wa mwanzo wa miaka ya 1990 ulikaribia kuizamisha, kwa sababu bei za ndege zilishuka na kampuni ikabaki na mashine ilizozinunua kwa bei ya juu. Ilinusurika. Mwaka 1995 Goldman Sachs ilinunua robo ya kampuni, na mwaka huohuo mwekezaji wa Omaha, Warren Buffett, alijinunulia robo ya ndege aina ya Hawker 1000. Alipendezwa nayo kiasi kwamba mwaka 1998 Berkshire Hathaway iliinunua kampuni nzima kwa dola milioni 725. Washindani nao walikuwa wameshaingia uwanjani: Bombardier na kampuni mama ya American Airlines walikuwa wameanzisha huko Dallas mradi ulioitwa Flexjet, Raytheon ilikuwa na Travel Air, na huko Cleveland rubani aliyegeuka mfanyabiashara, Kenn Ricci, alianzisha Flight Options kwa kuuza mafungu ya ndege zilizokwishatumika.

Katika hesabu zote za Santulli, kipande kigumu kabisa kupangika kilikuwa rubani.

Ndege inaweza kuachwa popote usiku, mtu hawezi. Kanuni za Marekani za jeti za hisa, zilizochapishwa rasmi Septemba 2003 baada ya kamati ya serikali na wadau kuzijadili kwa muda mrefu, zinaruhusu zamu ya kawaida isiyozidi saa 14, ndani yake saa za kuruka zisizidi 10 kwa marubani wawili, kisha mapumziko yasiyopungua saa 10. Rubani ana cheti cha aina ya ndege anayoirusha; aliyefunzwa Citation hapewi Gulfstream kwa sababu tu Gulfstream imekosa mtu. Na kwa kuwa mteja anaweza kupiga simu siku yoyote kati ya 365, kila ndege inahitaji kikosi cha watu wawili waliopo kazini na kikosi kingine kinachopumzika. Hapo unapata marubani wanne kabla hujamhesabu anayeumwa, aliye likizo na aliye darasani.

Dawa iliyopatikana ni zamu ya siku saba kazini na siku saba nyumbani. Rubani wa NetJets hakulazimika kuhamia Columbus. Angeweza kuishi karibu na mojawapo ya viwanja vingi vilivyoorodheshwa, na siku ya kuanza zamu kampuni humkatia tiketi ya ndege ya kawaida hadi mahali ilipo jeti yake. Anakaa kiti cha nyuma kati ya abiria wengine, sare mwilini na begi la wiki nzima juu ya kichwa chake. Anapofika, anaikuta ndege imeachwa na kikosi kilichomaliza zamu. Anaizunguka kuikagua, anahesabu jaketi za kuokolea, anajaza barafu na kahawa, anapokea vyakula vilivyoagizwa na mteja, anabeba mizigo na kuipanga nyuma kwa mkono wake. Katika jeti ndogo hakuna mhudumu. Kapteni anayetua kwenye theluji usiku ndiye huyohuyo anayefuta meza na kukunja blanketi kabla ya abiria wanaofuata. Jioni hajui kesho atalala mji gani. Ujumbe wa simu ndio utakaomwambia.

Kazi hiyo ina raha yake. Wiki nzima ya kukaa nyumbani na watoto, kila wiki nyingine, ni kitu ambacho marubani wengi wa mashirika makubwa hukipata baada ya miaka mingi ya utumishi. Lakini zamu hiyo ndiyo pia iliyoiwezesha kampuni kuwaweka watu wake kila pembe ya nchi bila kujenga vituo kila pembe. Ufanisi wa ndege ulijengwa juu ya mpangilio wa maisha ya marubani, na hili halikusemwa vya kutosha nyakati ambazo mameneja walizungumza juu ya marubani kama gharama.

Adui mkubwa wa ufanisi huo ni safari tupu. Mteja anashuka Aspen, mwingine anangoja Denver. Lazima ndege iruke bila mtu hadi aliko anayelipa, kama teksi inayorudi mjini kutoka uwanja wa ndege bila abiria. Kila safari tupu hula mafuta, hula saa za injini, hula saa za zamu ya rubani, na hakuna anayeilipia moja kwa moja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa hisabati za uendeshaji walilishughulikia tatizo hili kwa bidii. Mwaka 2005 wataalamu wa Flexjet waliandika katika jarida la Interfaces kwamba mfumo wao wa kompyuta, uliopanga ndege, marubani na matengenezo kwa pamoja, ulikuwa umeokoa zaidi ya dola milioni 54. Sehemu ya akiba hiyo ilitokana na kufanya kazi ileile kwa marubani wachache zaidi.

Sentensi kama hiyo mhasibu huisoma kwa furaha. Rubani aliyeajiriwa mwaka jana huisoma mara mbili.

Marubani wa Columbus walikuwa ndani ya Teamsters, chama cha wafanyakazi kilichojengwa na madereva wa malori, katika tawi namba 284. Wanalindwa na pia wanabanwa na Sheria ya Kazi za Reli ya 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 kugusa usafiri wa anga. Chini ya sheria hiyo mkataba wa hali bora haufi. Tarehe ikifika, unafunguliwa tu kwa mazungumzo, na masharti ya zamani yanaendelea hadi mapya yapatikane. Bodi ya taifa ya usuluhishi inaweza kuwashikilia wahusika mezani muda inaotaka, na bila ruhusa yake hakuna mgomo halali. Mwajiri asiye na haraka hapati hasara kwa kungoja. Mkataba wa Executive Jet, kampuni iliyoendesha NetJets, ulifunguliwa mwaka 2001. Kampuni ilikuwa ikikua haraka, mafungu yakiuzwa, makapteni wakiona mishahara yao iko chini ya ile ya wenzao wanaorusha ndege za makampuni binafsi. Makubaliano ya awali yalikataliwa na wanachama. Mkataba mpya ulipatikana mwaka 2005, miaka minne baadaye. Mwaka 2008 marubani walijiondoa Teamsters na kuunda chama chao wenyewe, NJASAP, cha marubani wa NetJets peke yao.

Walikipata chama chao kwa wakati mbaya. Miezi michache baadaye benki ya Lehman Brothers ilianguka.

Jeti ya binafsi ni kitu cha kwanza kufutwa kwenye bajeti na cha kwanza kuonyeshwa kidole. Novemba 2008 wakuu wa viwanda vitatu vya magari vya Detroit walikwenda Washington kuomba msaada wa serikali, kila mmoja kwa jeti ya kampuni, na wabunge wakawasema hadharani mbele ya kamera. Wateja waliacha kuruka. Wengi zaidi waliacha kununua. Na wale ambao mikataba yao ilikuwa inaisha walikikumbuka kile kifungu cha kuirudishia kampuni fungu lako kwa bei ya soko. NetJets ikajikuta inapokea ndege wakati hakuna wa kuziuzia na bei zikiporomoka kila mwezi. Buffett aliwaeleza wanahisa wake bila kuficha: deni la NetJets, lililokuwa dola milioni 102 aliponunua, lilifika dola bilioni 1.9 Aprili 2009. Hasara ya mwaka 2009 kabla ya kodi ilikuwa dola milioni 711. Alisema pia kwamba bila dhamana ya Berkshire kampuni isingekuwepo tena.

Agosti 2009 Santulli alijiuzulu. Nafasi yake ilichukuliwa na David Sokol, mtu wa Buffett mwenye sifa ya kukata gharama bila kusita. Kwanza marubani walipewa njia za hiari za kuondoka au kupunguza kazi. Kisha Novemba likaja tangazo: marubani 495 wangepumzishwa kazi kuanzia Januari 2010.

Kupumzishwa, katika lugha ya mikataba hii, si kufukuzwa. Jina lako linabaki kwenye orodha ya ukongwe kazini, na kazi zikirudi unaitwa kwa zamu. Anayeondoka kwanza ni aliyeajiriwa mwisho. Orodha hiyo ndiyo roho ya maisha ya rubani wa Marekani: inaamua ndege gani anarusha, lini anakuwa kapteni, likizo gani anapata, na nani anabaki siku ya mvua. Haihamishiki. Kapteni mwenye miaka 20 akihamia kampuni nyingine anaanza chini kabisa, nyuma ya kijana wa miaka 25 aliyemtangulia kwa wiki moja. Kwa hiyo mtu hawezi kusema tu kwamba aliyepumzishwa atapata kazi kwingine. Mwaka 2010 kwingine kulikuwa kumefungwa, na hata kungekuwa wazi, angepoteza miaka yote aliyokwisha kuiweka.

Tena hasara haiishii kwa wale 495. Ukiondoa watu wa mwisho kwenye orodha, unaondoa marubani wasaidizi wa aina fulani za ndege. Lazima uwashushe wengine kutoka nafasi nyingine kuziba, na kila anayehama hupelekwa kwenye mtambo wa kuigiza urukaji kwa wiki kadhaa akilipwa bila kumbeba mteja yeyote. Kampuni yenye aina nyingi za ndege huumia zaidi katika mtikisiko huo. Ndiyo maana NetJets ilipoanza kununua tena iliegemea aina chache zilizochaguliwa: mwaka 2010 iliagiza Phenom 300 za Embraer, mwaka 2011 Global za Bombardier, na Juni 2012 ikatangaza maagizo ya ndege 425, kama zote zingechukuliwa, kutoka Bombardier na Cessna, kwa dola bilioni 9.6.

Mwaka 2010 NetJets ilipata faida ya dola milioni 207. Buffett alimsifu sana Sokol, na kwa hesabu za kampuni alistahili. Lakini haki inataka isemwe pia kwamba deni lile la bilioni 1.9 halikuletwa na mishahara ya marubani. Lililetwa na ndege zilizonunuliwa kwa matumaini ya kuuzwa, na thamani yake ikayeyuka. Marubani hawakuwa wameziagiza. Waliokatwa walilipia kosa la idara ya mauzo, na wengi wao walingoja kwa miaka kurudi.

Kuna waliopata mabaya kuliko hayo. Clearwater, Florida, kulikuwa na Avantair, iliyouza mafungu ya Piaggio P.180 Avanti, ndege ya Kiitaliano yenye mapangaboi yanayotazama nyuma, nzuri kwa macho na isiyokula mafuta mengi. Kwa karatasi, ilikuwa na kila sifa ya ufanisi: aina moja ya ndege, mafunzo ya aina moja, vipuri vya aina moja. Mtaji ndio haukuwepo. Julai 2012 moja ya ndege zake iligunduliwa imepoteza usukani mmoja wa mkiani ikiwa angani. Ilitua salama, lakini Oktoba kampuni ilizisimamisha zote kukagua kumbukumbu za matengenezo. Juni 2013 wafanyakazi waliambiwa wabaki nyumbani bila mshahara, na mwezi uliofuata wadai waliipeleka kampuni mahakamani kuifilisi. Wenye mafungu walipokwenda kuzitazama mali zao walikuta baadhi zimeng'olewa vipuri vilivyowekwa kwenye ndege nyingine ili safari ziendelee. Marubani wa Avantair hawakuwa na orodha ya kungojea. Kampuni ilipokufa, orodha nayo ilikufa. CitationAir, ambayo ilikuwa ya Cessna yenyewe, iliacha kuuza mafungu mwaka 2012 na kufunga shughuli miaka miwili baadaye, kwa utulivu zaidi, lakini kwa marubani matokeo yalikuwa yaleyale.

Cleveland hadithi ilichukua njia nyingine. Marubani wa Flight Options waliingia Teamsters mwaka 2006. Mwaka 2013 kundi la Ricci liliinunua Flexjet kutoka kwa Bombardier kwa dola milioni 185, na marubani wa Flexjet hawakuwa na chama. Sasa wenye kampuni walikuwa na makundi mawili ya marubani chini ya paa moja, na swali la nani yuko juu ya nani. Msuluhishi alitoa orodha moja iliyounganishwa. Kampuni ikakataa kuitumia. Chama kikaenda mahakamani, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilikiunga mkono. Katikati ya mvutano huo kampuni ilikuwa imewatangazia marubani, bila kupitia kwa chama, malipo kwa wale ambao wangekubali kuondoka kwa hiari. Ushindi wa mahakamani haukudumu. Mwaka 2018 marubani wa kundi zima walipiga kura wakakiondoa chama chao. Wako waliouona uamuzi ule kama kujivua ngao. Wengine, hasa waliotoka Flexjet, waliona ngao yenyewe ilikuwa imewagawa, na mwajiri alikuwa anaongeza ndege na kulipa vizuri. Pande zote mbili walikuwa wakitafuta kitu kimoja, yaani kujua kama mwakani watakuwa kazini.

NetJets nayo ilirudi mezani mwaka 2013, safari hii chini ya Jordan Hansell, aliyemrithi Sokol. Kampuni ilikuwa inapata faida, lakini miongoni mwa iliyoyataka ni marubani waanze kuchangia bima yao ya afya. Walikataa. Wakati wa mkutano mkuu wa Berkshire huko Omaha, ambao hukusanya maelfu ya wanahisa kila Mei, mamia ya marubani walisimama nje ya ukumbi na sare zao kamili, kofia kichwani, mabango mkononi, kimya na kwa mistari iliyonyooka.  Juni 2015 Hansell aliondoka. Walioingia, Adam Johnson na Bill Noe, walikuwa watu wa nyumbani, na Noe mwenyewe aliwahi kurusha ndege za kampuni hiyo. Kabla ya mwaka kuisha mkataba ulikuwa umepigiwa kura na kupita.

Kisha ikaja korona na kupindua kila kitu. Baada ya miezi michache ya viwanja vitupu, watu wenye uwezo waliikimbia foleni ya viwanja vya kawaida, na Agosti 2021 NetJets ilifikia hatua ambayo Santulli wa 1986 asingeiota: ilisimamisha kwa muda uuzaji wa baadhi ya huduma zake kwa sababu wateja walikuwa wengi kuliko ndege na watu wa kuzirusha. Mizani ilihama. Mashirika makubwa ya abiria yalikuwa yanaajiri kwa kasi na kupandisha mishahara. Delta ilitia saini nyongeza ya asilimia 34 Machi 2023. Marubani wa jeti za hisa walianza kuondoka wenyewe. Mwaka 2024 wanachama wa NJASAP walipitisha makubaliano yanayopandisha malipo yao kwa asilimia 52.5 ifikapo 2029. Hata hivyo amani haikukamilika: mwezi Juni mwaka huohuo kampuni ilikishtaki chama hicho kwa kuichafulia jina, kutokana na kauli zake za hadharani kuhusu mafunzo na usalama.

Katika pilika hizo lilipita jambo ambalo lilizungumzwa kidogo. Marubani wa mashirika ya abiria Marekani hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 65, lakini wa jeti za hisa hawakuwa na kikomo. Mtu mwenye afya na cheti cha daktari aliendelea. Desemba 2022, ndani ya sheria ndefu ya bajeti, Bunge la Marekani liliweka kipengele kinachoruhusu kampuni yenye safari za jeti zisizopungua 75,000 kwa mwaka kuweka ukomo wa miaka 70. NetJets peke yake ndiyo iliyokuwa na safari nyingi kiasi hicho. Makapteni waliokuwa juu kabisa ya orodha, waliovuka mdororo wa 2009 kwa sababu walitangulia kuajiriwa, waliondolewa na ukurasa mmoja wa bajeti. Ukongwe uliowalinda na kila dhoruba ya soko haukuwa na nguvu mbele ya Bunge.

Kwa waliobaki macho yako kwenye vitabu vya maagizo. Mei 2023 NetJets ilikubaliana na Embraer juu ya Praetor 500 hadi 250, na Septemba mwaka huohuo na Textron, kampuni mama ya Cessna, juu ya Citation hadi 1,500 kwa muda wa miaka 15. Magazeti yalichapisha namba hizo kwa herufi kubwa. Marubani walisoma zaidi neno dogo linalotangulia namba, "hadi". Ndege 1,500 ni haki ya kununua, si wajibu wa kununua. Kampuni inaweza kuchukua mia tano, au mia tisa, kulingana na mafungu yatakayouzwa, na kila ambayo haikuchukuliwa ni nafasi za watu wanne au zaidi ambazo hazitafunguliwa. Kanuni ya kuirudishia kampuni fungu lako kwa bei ya soko bado imo katika mikataba ya wateja.